Radhi ya Punda

Wiki iliyopita jirani yangu alimwaga mafuta ya taa kwenye kizingiti cha mlango wake kuua mchwa. Siku hizi mafuta ya taa hayanuki sana mtaani kwetu. Watu wana taa za jua, wana simu zenye tochi, na mwenye haraka ya kupika ana gesi. Kwa hiyo harufu ilipoingia dirishani ilinikuta sijajiandaa. Nilikuwa nashona kofia, sindano mkononi, nikajikuta nimekaza meno hadi taya zinauma. Nimekuwa hivyo tangu nina miaka tisa. Mume wangu hunitania kwamba hicho ndicho kitu pekee duniani kinachoweza kunifunga mdomo, naye ana haki ya kusema hivyo. Sijawahi kumweleza sababu. Mama yangu yuko Makka sasa, na kabla hajarudi nataka niwe nimeiandika.

Nilizaliwa Amu, mji wa Lamu, kwenye mitaa ya nyuma, mahali ambapo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja cha Bwana Shee, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachukulia watu mawe na mchanga wa kujengea. Punda wake walilala pale. Palikuwa na samadi ya miaka, imekauka juu na mbichi chini, na kila nyumba ya zamani ilipobomolewa, boriti na mbao zake zilitupwa pale pale mpaka apatikane mtu wa kuzitaka. Tulikatazwa kuingia. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa, lakini marufuku ya kiwanja kile ilikuwa yake, na Mama aliitunza kama amana aliyoachiwa.

Mdogo wangu aliitwa Lali. Alikuwa na miaka mitano na maswali yasiyokwisha, na herufi ya *ra* ilikuwa haijamkaa kinywani. Punda aliyempenda aliitwa Karafuu, kwa rangi yake, na Lali akimwita Kalafuu. Kutwa alikuwa akinisumbua nimpandishe. Mchana mmoja, watu wazima wamelala baada ya chakula, nikachoka kusumbuliwa. Nilimshika mkono tukapita kwenye ufa wa ukuta.

Nilimpandisha juu ya boriti, na kutoka kwenye boriti akapanda mgongoni kwa Karafuu. Karafuu hakusogea. Lali akawa anapiga midomo kama alivyowaona wachukuzi wakifanya, na punda yule amesimama tu, anatafuna. Nikachukua ufito nikamchapa tumboni, pale penye ngozi laini. Aliruka mara moja. Lali aliteleza akashuka kwa miguu, wima, na nikafurahi kwamba hakuanguka. Kisha nikaona ubao umemfuata alipojaribu kunyanyua mguu.

Msumari ulikuwa umeingia chini ya kisigino. Hakulia. Alinitazama kuona kama hili ni jambo la kulia. Nilikanyaga ubao nikauvuta mguu wake, ukatoka, na damu ilikuwa tone moja tu, nyeusi. Lile tone dogo ndilo lililonidanganya. Nilimbeba mpaka nyumbani, nikamkalisha jikoni, nikafanya nilichowaona wakubwa wakifanya: niliupiga unyayo kwa kandambili ili damu mbaya itoke, kisha nikammiminia mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya kujazia taa. Hapo ndipo alipolia, nami nikamziba mdomo kwa kiganja. Mafuta yalikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo yalimwingia hata mdomoni.

"Sema wallahi hutosema," nilimwambia.

"Wallahi," akasema Lali.

Hakuvunja kiapo chake. Hata angetaka kukivunja, baadaye hakuwa na mdomo wa kusemea.

Alasiri ile nilirudi kiwanjani peke yangu. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa sikuweza kujikasirikia mwenyewe nilimkasirikia punda. Niliokota jiwe nikamrushia Karafuu, likampata karibu na jicho. Alipepesa, akageuza uso ukutani, akabaki hivyo. Nilimsubiri ageuke anipige teke ili tuwe tumelipana. Hakugeuka.

Siku zikapita. Kitundu kilifunga, ngozi ikawa nyeusi kama unyayo wa mtoto yeyote anayetembea pekupeku. Lali alikimbia, alikwenda chuoni kusoma Kurani, alirudi na maswali yake. Mimi nilisahau, nami nasema kweli. Mtu akiniuliza leo siku zile zilikuwa ngapi, nitasema nane au tisa.

Asubuhi moja aliacha hamri lake, andazi la chai. Akasema taya linauma. Mama alikuwa na kofia ya mtu aliyoahidi kuimaliza, hakuinua kichwa, akamwambia atafune upande mwingine. Baadaye nilikuwa nafagia ukumbi, nimetoka kukaripiwa kwa kumwaga maji, nikamwona Lali ameketi ngazini ananitazama, meno yote nje, nyusi juu, anacheka.

"Wateka n'ni?" nikamuuliza anachonichekea.

Hakujibu. Aliendelea kunicheka vile vile. Nilimfuata nikamfinya mkono, na nilimfinya hasa, kwa kucha. Mwili wake wote ukakakamaa na kile kicheko kikazidi kupanuka. Nikamfinya tena. Kisha nikaenda kumshitaki.

"Mama, Lali yuwaniteka."

Mama alikuja akiwa bado ameshika sindano yake ya kofia. Alichuchumaa mbele ya Lali, akamwambia afungue kinywa. Akamwambia tena. Akajaribu kupitisha kidole, kisha akamwita mamake aje, "Mama, hebu ndoo," na Bibi akaja, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba Lali hakuwa anacheka. Kwa kufinya kule sijapata wa kumwomba msamaha mpaka leo.

"Baridi hini," Bibi alisema. "Imemngia tayani." Alimpaka mafuta ya ufuta, akamfunga shingo kwa kitambaa cha moto. Siku ile ilipita hivyo. Kesho yake Maalim wetu wa chuoni alimwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, na Mama akazikosha kwa maji ya waridi ili Lali anywe. Maji yale ya manjano yalipita kwenye pembe za mdomo yakashuka hadi kifuani. Mama akayafuta na kumnyweshea tena, yakashuka tena. Shingo ilikuwa imeshakaza, na tumbo lake ukiligusa lilikuwa gumu kama meza.

Mchana wake alikuja Bi Zuhura, mkunga wa mtaani, aliyetuzalisha sote wawili. Hakuingia hata ndani sana. Alisimama mlangoni akamtazama Lali, akasema kwa sauti ya chini:

"Hini si baridi, Bi. Hini ni pepopunda."

"Usilitaye ina hilo," Bibi akamwambia, nisilisikie. Lakini nilikuwa nimeshalisikia.

Ninyi mnalijua neno hilo kama jina la ugonjwa, na mkilisikia hamlikati vipande. Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia, na masikioni mwangu yalikuwa maneno mawili: pepo, na punda. Pepo nilimjua. Nyumbani kwetu pepo hakuwa hadithi. Mama mdogo wangu alikuwa naye. Siku akimpanda, wanawake waliketi naye wakamuuliza kwa adabu, bwana wataka nini, na yule pepo akasema kwa kinywa cha mama mdogo kwamba anataka marashi, au leso mpya, au halua. Akipewa alikuwa anaondoka, na mama mdogo akaamka akauliza kuna chai. Kwa hiyo kwangu mambo yalinyooka papo hapo. Pepo huja akiwa amekosewa au ana haja. Huyu alikuwa wa punda, na punda mwenyewe nilimjua kwa jina.

Na kama vile hilo halikutosha, Karafuu akalia kule nyuma. Mnajua punda anavyolia, anaanza kama anayekosa pumzi kisha anamaliza kwa kupasua ukuta. Lali alisikia. Mgongo wake uliinuka kitandani, ukabaki umeinuka, kichwa na visigino tu ndivyo vinavyogusa mkeka wa kitanda, na ule uso unacheka. Punda aliponyamaza, mwili ukashuka pole pole. Mama alianza kusoma Yasin kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamwinua mtoto tena, ikabidi asome kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshapata ushahidi wote niliouhitaji.

Nilichukua hamri langu la asubuhi, nililokuwa sijalila, na kipande cha halua kutoka kabatini, nikapita kwenye ufa. Karafuu alikuwa na kovu bichi karibu na jicho, na nzi wameketi juu yake. Nilipiga magoti kwenye samadi kama mtu anayemwomba radhi mzazi.

"Karafuu, niwie radhi," nilimwambia. "Nalikupiga mimi. Jiwe nalitupa mimi. Lali hakufanya kitu, yeye yuwakupenda. Mtoke yeye, unipande mimi."

Alinusa kiganja changu, akala hamri, akala halua, kisha akaniramba vidole mpaka utamu ulipokwisha. Nikajua nimesamehewa. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa na furaha.

Lali hakupata nafuu. Mjomba alimbeba akampeleka hospitali, Mama nyuma yake, nami nimeshika buibui la Mama. Hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nesi aliyetupokea alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alimgusa Lali shavuni kwa mgongo wa kidole na hakuuliza anaumwa nini.

"Mama, huyu mtoto ameumia lini? Alidungwa na kitu, msumari, mwiba?"

"Hakuumia," Mama akasema. "Hana donda hata moja. Nimemtazama mwili mzima."

"Na kadi yake ya kliniki?"

Mama aliitoa kwenye leso alimoifungia. Ilikuwa kadi safi kuliko kadi yoyote niliyopata kuona, maana haikutumika. Palikuwa na safu ya visanduku vya kuandikwa kila sindano, na kimoja tu kilikuwa na wino.

"Ile ya kwanza ilimtia homa siku mbili," Mama akasema. "Paja likamvimba, mwana halali usiku, alia tu. Nikaona sitomrudisha kuteswa. Nalisema akikua kidogo." Mama yangu, ambaye sindano haikutoka mkononi mwake kutwa.

Nesi hakumkaripia. Aliikunja kadi, akamrudishia. Kisha akainama kwangu.

"Wewe ndiye dada yake? Niambie basi. Mmekuwa mkicheza wapi?"

Niliutazama mkono wake ukinisubiri begani. Nilikuwa nimeshamalizana na Karafuu. Jambo lile kwangu lilikuwa limekwisha, na kulifufua ni kupigwa bure, Baba kuandikiwa barua, na Bwana Shee kuja mlangoni.

"Nyumbani," nikasema.

Walimlaza kwenye chumba kidogo, wakatundika blanketi dirishani, wakamtia pamba masikioni. Nesi alituambia tusiongee, tusiburute viatu, tusimguse ghafla. Alituambia pia kwamba anasikia na anaelewa kila kitu. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Macho ya Lali yalikuwa yakinifuata kila niliposogea, macho yale yale ya kutaka kujua kama hili ni jambo la kulia, na mdomo unacheka.

Lakini hospitali au nyumbani, Amu ni Amu. Punda walipita njiani na mizigo, na mmoja akilia, pamba ile haikufaa kitu. Alipoinuka mara ya tatu nilitoka nje. Nilimwendea punda wa kwanza niliyemkuta nikamwomba radhi, kisha wa pili, kisha wote waliofungwa ukutani. Mchukuzi mmoja alisimama akanicheka.

"Wewe mtoto, wazungumza na punda?"

"Nyamaza," nilimwambia, "asije akalia."

Niliporudi ndani Mama alikuwa ameketi chini, sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi. Nesi alikuwa akitoa pamba masikioni mwa Lali. Ilikuwa alasiri na jua bado lilikuwa kali. Nilimtazama Lali nikitumaini ule uso umelegea, nikaona haujalegea bado. Nimejaribu miaka yote hii kumkumbuka akicheka kweli, kicheko chake mwenyewe, na siwezi. Kile kingine kinanijia mbele.

Nilikuja kuijua maana ya neno lile nikiwa mwanamke mzima, kwenye benchi la kliniki na mwanangu wa kwanza mapajani. Nesi, mwingine, kijana, alikuwa akitueleza sindano zile ni za nini. Alisema pepopunda haina pepo ndani yake. Ni kijidudu kinachokaa kwenye udongo na kwenye samadi, ya punda hasa na ya wanyama wengine, na huingia kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa, kama cha msumari. Kidonda kinaweza kufunga kikasahaulika. Sindano zikiwa zimekamilika, mwili unakuwa umeshamjua adui kabla hajabisha hodi.

"Na kama hazikukamilika," nikauliza, "mtoto akachomwa msumari?"

"Mlete siku hiyo hiyo. Tunasafisha, tunamdunga. Mara nyingi tunamuwahi."

"Hata kama damu ni tone moja?"

"Hasa hiyo," akasema.

Wenzangu walidhani nalia kwa sababu ya sindano ya mtoto. Wakanipisha nafasi, wakanipepea.

Sasa nifike kwa Mama. Mwaka huu jina lake lilitoka kwenda Hijja, na kama ilivyo kwetu, siku za mwisho kabla ya safari alikaa ukumbini watu wakaja kumuaga, naye akawaomba radhi mmoja mmoja. Zamu yangu ilikuja asubuhi, tumebaki wawili, mimi na yeye, na mjukuu wangu wa miezi sita mapajani mwangu. Mama amezeeka sana. Vidole bado ni vya mshonaji, lakini macho yameingia ukungu.

"Mwanangu, kama nimekukosa kwa neno au kitendo, niwie radhi," akasema.

Nilipaswa kujibu nimekuwia, nawe niwie, yakaisha. Badala yake nikamwambia. Nilimwambia ufa wa ukuta, ufito, ubao, msumari, kandambili na mafuta ya taa. Nilimwambia nilivyomuapisha Lali na nilivyomjibu nesi. Nilisema yote bila kupumzika, nikitazama mkeka. Nilipomaliza hakushtuka. Alikuwa akilinyoosha pindo la leso yake gotini.

"Najua," akasema.

"Wajua n'ni?"

"Nalikiona kitundu, tini ya kisigino. Nalipomuosha, kabla ya sanda. Kilikuwa kimefunga, lakini maji yalipoondoa taka nikakiona."

Niliinua uso. "Ulikiona siku ile?"

"Siku ile."

"Mbona hukuniuliza, Mama? Miaka yote hini?"

"Ningalikuuliza wewe habari ya msumari," akasema, "nami ningaliulizwa ya sindano."

Nitasema wazi nilichohisi, maana wengine mtadhani nilimwonea huruma. Nilimchukia. Si kwa muda mrefu, lakini nilimchukia kabisa. Nilimfikiria msichana wa miaka tisa akienda kulala na meno yamekaza, akimchungulia Karafuu kwenye ufa kwa miaka mpaka Karafuu alipokufa kwa uzee wake, na mama mtu yuko chumba cha pili, anajua, anashona. Tungeweza kulia pamoja. Alichagua kila mtu alie na lake ili lake lisiguswe. Kisha nikajiona mimi pia, mwanamke wa makamo, mama wa wanne, niliyenyamaza miaka ile ile kwa sababu ile ile.

"Kadi ya huyu i wapi?" Mama akauliza.

Nilimpa. Hajui kusoma maandishi ya kizungu, na hata angejua macho hayaoni sawasawa. Aliifungua kwenye mwanga wa mlango, akaishusha karibu na pua, akatembeza kidole gumba juu ya visanduku, kimoja baada ya kingine, akikisimamia kila kimoja mpaka auone wino. Moya. Pili. Tatu. Alivirudia tangu mwanzo. Kisha akaifunga kadi akanirudishia.

"Sasa niwie radhi," akasema.

Taya zangu zilikuwa zimefunga, na hapakuwa na harufu yoyote mle ukumbini ila ya udi. Nilizifungua kwa nguvu.

"Nimekuwia radhi, Mama. Nawe niwie."

Nikasubiri anijibu. Alikuwa ameshamvuta mtoto mapajani mwake, ameushika mguu wake mmoja, ameupindua, anautazama unyayo kwa karibu sana na kuusugua kwa kidole gumba. Akamaliza huo, akaushika wa pili. Mtoto yule hajaanza hata kusimama.